Ajenti amekula arbuni ya nyumba: njia za kisheria nchini Kenya, na ya kuanza nayo

Mtu akigundua kwamba arbuni aliyotoa ili anunue nyumba imeyeyuka mikononi mwa ajenti, mahali pa kwanza anapopawaza ni kituo cha polisi. Sioni ajabu. Arbuni ya nyumba mara nyingi ni akiba ya miaka, au mkopo wa sacco ambao utaendelea kukatwa kwenye mshahara hata baada ya nyumba yenyewe kupotea. Ila sheria ya Kenya imefungua njia kadhaa, na kila moja inazaa kitu chake. Kuna njia inayorudisha pesa. Kuna inayompeleka mtu jela huku pesa zikibaki huko huko zilikopotelea. Na kuna inayomfutia ajenti usajili, wewe usione hata shilingi. Inauma kumwona mtu akizunguka mwaka mzima kwenye njia ambayo tangu siku ya kwanza haikuwa na uwezo wa kumpa alichokitafuta, na hiyo ndiyo sababu ya ulinganisho huu.

Kigezo changu cha kuchagua ni hiki: pesa ziko kwa nani leo, na alizipokea akiwa kama nani?

Aliyepokea alipokea kama nani

Katika mauzo ya kawaida ya nyumba Kenya, arbuni huwa asilimia 10 ya bei. Ikifuatwa desturi ya mawakili na masharti ya mauzo ya Chama cha Wanasheria, LSK, pesa hizo hulipwa kwa wakili wa muuzaji, naye huzishika kwa niaba ya pande zote mbili. Hana ruhusa ya kumkabidhi muuzaji kabla mauzo hayajakamilika, labda pande zote zikubali. Hali hiyo ikiwa imeandikwa kwenye mkataba wako, una kinga nzuri.

Shida huanza pale arbuni inapopitia kwa ajenti. Hapo kuna hali tatu, na lazima ujue yako ni ipi kabla hujalipa ada yoyote ya mahakama. Huenda muuzaji alimruhusu ajenti kupokea pesa kwa niaba yake. Hapo kumlipa ajenti ni sawa na kumlipa muuzaji, na unaweza kuwashtaki wote wawili. Muuzaji hawezi kunawa mikono kwa kusema ajenti hakumfikishia. Au ajenti alikuwa na kazi ya kutafuta mteja tu, hakuwa na idhini ya kupokea chochote, na hapo deni ni lake peke yake. Au uliyemlipa ni kampuni. Hili la tatu watu hulipuuza sana. Risiti ina jina la kampuni, wewe unamjua kijana aliyekupeleka kuona nyumba, nawe unamshtaki yule kijana. Tafuta CR12 ya kampuni, yaani taarifa rasmi ya usajili wake, kupitia eCitizen uone wakurugenzi ni akina nani na kama kampuni bado ipo hai. Hukumu dhidi ya kampuni isiyo na gari, ofisi wala salio benki ni karatasi tu, na kuwafikia wakurugenzi binafsi nyuma ya kampuni ni kazi ngumu inayodai ushahidi wa ulaghai.

Basi kabla ya yote, kusanya mkataba au barua ya ofa, risiti, ujumbe wa M-Pesa pamoja na taarifa rasmi ya akaunti, na mazungumzo ya WhatsApp. Usiyafute hata yale yanayokuaibisha. Kwenye mahakama za kawaida, nakala za simu huhitaji cheti kinachotajwa katika kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza zilitolewa kwenye kifaa gani na vipi. Watu wengi hukwama hapo kwa kukosa ukurasa mmoja.

Barua ya madai na makubaliano ya kulipwa

Ni njia ya bei nafuu kuliko zote, na hata ukishindwa nayo hujapoteza kitu, kwa sababu mahakama itataka kujua kama ulidai kwanza. Barua iseme kiasi, tarehe ya malipo, sababu ya kurudishiwa, na muda wa kulipa. Siku 7 au 14 zinatosha.

Faida yake kubwa ni jibu. Ajenti akijibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, kwamba "nitalipa mwisho wa mwezi", amekiri deni. Kukiri huko kuna kazi mbili. Kunarahisisha ombi la hukumu ya haraka bila kesi ndefu, na kunaanzisha upya hesabu ya muda wa kushtaki. Kulipa sehemu ya deni nako kuna matokeo hayo hayo ya muda.

Hapa nina onyo moja, na naomba ulishike. Ajenti akibanwa hupenda kutoa hundi ya tarehe ya mbele, nawe ukaipokea ukiamini kwamba ikirudi bila pesa ataenda jela. Kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu kinachohusu hundi zisizo na pesa kimeziacha nje hundi za tarehe ya mbele. Hundi kama hiyo ni ushahidi wa deni, haimtii pingu mtu yeyote. Ukikubali kulipwa kwa awamu, dai makubaliano yaliyosainiwa yanayosema kwamba awamu moja ikikosekana deni lote linadaiwa papo hapo, na ikiwezekana awepo mdhamini mwenye mali inayoonekana.

Kwa chifu au wazee? Hawana uwezo wa kuamuru arbuni irudishwe. Lakini kikao chao kikizaa maandishi ambayo ajenti amekiri na kutia saini, una kitu cha kupeleka mahakamani.

Mahakama ya Madai Madogo dhidi ya mahakama ya hakimu

Huu ndio uamuzi mkubwa kwa wengi, na hapa ndipo naona haki ikiachwa mezani bila kuchukuliwa.

Mahakama ya Madai Madogo imeundwa na sheria ya 2016, na ilianza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021 kabla ya kuenea katika miji mingine. Kikomo chake ni shilingi milioni 1. Sheria inataja wazi kwamba inasikiliza madai ya pesa zilizopokelewa na kushikiliwa, na arbuni iliyokwama kwa ajenti ni dai la namna hiyo hasa. Sheria inataka kesi isikilizwe mfululizo na imalizike ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Foleni ikiwa ndefu siku hizo huweza kupita, lakini hata zikipita bado uko mbali mno na miaka ambayo kesi za kawaida huchukua. Mwamuzi hafungwi na kanuni kali za ushahidi. Unaweza kujisimamia bila wakili, kwa Kiswahili, na fomu za kuwasilisha dai ni fupi.

Mtego wake ni mmoja: haina mamlaka juu ya mgogoro wa nani mwenye ardhi au nani akae kwenye ardhi. Kwa hiyo ukienda, omba pesa tu. Usiandike kwamba unataka nyumba, wala usiombe mahakama itamke kwamba hati ya muuzaji ni feki. Andika kwamba ulimlipa fulani kiasi fulani kwa sababu fulani, sababu hiyo imeanguka, na unataka pesa zako pamoja na riba na gharama. Dai likiandikwa vibaya, wakili wa upande wa pili atasimama aseme huu ni mgogoro wa ardhi, na wiki kadhaa zitaliwa na pingamizi hilo.

Usidhani pia kwamba ukitoa milioni 1 na laki nane utaikata kesi vipande viwili ili vyote viingie humo. Hairuhusiwi kugawa dai moja. Ama unasamehe kinachozidi milioni 1, ama unaenda kwa hakimu. Kwa aliyetoa milioni 1 na elfu themanini, ningemshauri asamehe hiyo elfu themanini bila kusita. Muda, nauli na ada ya wakili katika mahakama nyingine vitaimeza mara mbili.

Kwa hakimu, uwezo wa kifedha hupanda kulingana na cheo. Hakimu mkazi anasikiliza madai yasiyozidi milioni 5, na hakimu mkuu hadi milioni 20. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Mwendo ni wa taratibu na utahitaji wakili. Lakini kuna silaha mbili ambazo zinafaa sana kwa kesi za arbuni. Ya kwanza ni ombi la hukumu ya muhtasari, ile ya haraka bila kesi ndefu, chini ya Amri ya 36 ya Kanuni za Mashauri ya Madai, kwa kuwa kiasi kinajulikana na ajenti hana utetezi wa maana. Ya pili ni ombi la kuzuia mali kabla ya hukumu, chini ya Amri ya 39, pale unapoweza kuonyesha kwamba ajenti anauza gari, anahamisha pesa au anajiandaa kutoroka. Mahakama haitoi amri hiyo kwa hisia. Inataka tangazo la mauzo, ujumbe, kitu cha kushika. Lakini ukiipata mapema, kesi nzima hubadilika sura, maana ajenti anaanza kuzungumza.

Kabla ya kuingia mahakama yoyote, soma mkataba wako uone kama una kifungu cha usuluhishi. Kama kipo, upande wa pili unaweza kuomba kesi isimamishwe mwende kwa msuluhishi.

Na ukishinda? Hukumu haijilipi. Unarudi mahakamani kuomba utekelezaji: dalali wa mahakama akamate mali, au benki iamriwe kutoa pesa zilizo kwenye akaunti ya mdaiwa, au mdaiwa aitwe aeleze kwa nini asifungwe jela ya madai. Ile ya akaunti ya benki naipenda kuliko zote, ila inataka ujue benki na jina la akaunti. Wengi wanalijua tayari bila kutambua, kwa sababu ndiyo akaunti waliyolipia arbuni.

Polisi na DCI

Njia ya jinai ina nguvu ambayo mahakama ya madai haina. Mpelelezi wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, anaweza kupata amri ya kukagua akaunti ya benki na kufuatilia pesa zilikokwenda. Kama nyumba haikuwepo, kama hati ilighushiwa, kama ploti moja imeuzwa kwa watu watano, au kama ajenti amezima simu na ofisi imefungwa, anza hapa, na uanze wiki hiyo hiyo. Piga ripoti, upewe nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), na mkiwa wengi mwende pamoja, kwa sababu mfululizo wa waathiriwa huonyesha nia kwa namna ambayo mlalamishi mmoja hawezi.

Mashtaka ya kawaida ni kupata pesa kwa hila, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho adhabu yake hufika miaka 3. Lakini kuna kifungu cha 283, wizi unaofanywa na wakala, kinachogusa mtu aliyepokea pesa akiwa ameelekezwa azitumie kwa jambo fulani. Hicho hufika miaka 7. Ukiandika taarifa yako polisi, eleza kwa usahihi maelekezo uliyompa ajenti kuhusu pesa hizo. Sentensi hiyo moja inaweza kuamua ni kifungu kipi kitatumika.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba kesi si yako tena. Ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na wewe ni shahidi. Kipimo cha ushahidi ni kikubwa zaidi, na ajenti anayedai kwamba dili liliharibika tu, hakukusudia kuiba, anaweza kuachiliwa ilhali deni bado lipo. Hata akipatikana na hatia, fidia hutegemea mahakama kuamuru, na kutegemea kama ana kitu. Kama muuzaji alibadili nia, au benki ilikunyima mkopo, na ajenti anajulikana alipo ila anakuzungusha, usitarajie polisi wakukusanyie deni. Mahakama Kuu ina uwezo wa kusimamisha mashtaka yanayotumiwa kumbana mdaiwa tu.

Ukiambiwa kituoni kwamba kwa kuwa umefungua kesi ya madai huwezi kushtaki kwa jinai, au kinyume chake, jua kwamba kifungu cha 193A cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaruhusu zote mbili ziende sambamba kuhusu jambo lile lile. Taja kifungu kwa upole, kisha omba ripoti yako iandikwe.

Bodi ya maajenti, na mawakili wanaposhika pesa

Kazi ya uajenti wa nyumba Kenya inasimamiwa na Sheria ya Maajenti wa Nyumba, Sura ya 533, kupitia bodi ya usajili inayojulikana kama EARB. Ajenti asiyesajiliwa anatenda kosa kwa kufanya kazi hiyo. Uliza bodi kama jina lake lipo kwenye orodha. Akiwa amesajiliwa, malalamishi yako yanatishia riziki yake, na ajenti mwenye jina la kulinda huweza kulipa ili yasiendelee. Asiposajiliwa, bodi haina cha kumnyang'anya, ila kutosajiliwa kwake ni hoja nzuri ya kuongeza kwenye ripoti ya polisi. Kwa vyovyote, bodi haikurudishii pesa. Itumie kama mkono wa pili, usiitegemee.

Pesa zikiwa kwa wakili mambo ni tofauti kabisa, na kwa mnunuzi ni mazuri zaidi. Wakili anatakiwa kuweka pesa za wateja kwenye akaunti yao maalumu. Akizitumia, unaweza kwenda kwa Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili, na suala linaweza kufika mbele ya jopo la nidhamu lenye uwezo wa kumwondoa kwenye orodha ya mawakili. Na kama alimwandikia wakili wako ahadi ya kitaaluma kwamba atazishika au atazirudisha, Amri ya 52 kanuni ya 7 ya Kanuni za Mashauri ya Madai inaruhusu Mahakama Kuu kumlazimisha aitimize kwa njia ya mkato. Ni moja ya njia zenye makali zaidi katika suala hili lote, na ndiyo maana napendelea arbuni ipitie kwa mawakili, ahadi ikiandikwa, hata kama ajenti atanuna.

Kama bado unaitaka nyumba

Hadi hapa nimezungumzia kurudishiwa pesa. Lakini kuna mnunuzi ambaye nyumba ipo, muuzaji ni wa kweli, na ajenti ndiye aliyekula katikati. Huyo asikimbilie Madai Madogo. Akiwa na mkataba wa maandishi uliosainiwa na kushuhudiwa kama kifungu cha 3 cha Sheria ya Mikataba kinavyotaka, anaweza kuweka kizuizi kwenye rejista ya ardhi ili nyumba isihamishwe kwa mwingine, kisha aende Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuomba muuzaji akamilishe mauzo. Hoja yake itakuwa kwamba ajenti alikuwa na idhini ya muuzaji, kwa hiyo arbuni imeshalipwa. Ni njia ndefu na ya gharama. Inafaa pale bei imepanda sana tangu mkataba, au familia tayari imeingia humo. Bila mkataba wa maandishi, njia hii karibu imefungwa, lakini kurudishiwa pesa bado kupo wazi.

Ardhi ikiwa ya kilimo, kumbuka idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Ombi linatakiwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Idhini isipopatikana, mauzo hubatilika, na kifungu cha 7 cha Sheria ya Udhibiti wa Ardhi kinasema pesa zilizolipwa zinadaiwa kama deni. Waliolipia ploti za mashambani ambazo hazijagawanywa rasmi wanaweza kushinda kwa hoja hiyo peke yake, bila kuthibitisha ulaghai wowote.

Ningechagua nini

Ajenti anajulikana alipo, arbuni haizidi milioni 1, na dili limekufa: barua ya siku 7, kisha Madai Madogo, na malalamishi kwa bodi siku ile ile ya kufungua kesi. Arbuni ya milioni 2 au 3 na kuna maandishi ya kukiri: kwa hakimu, na ombi la hukumu ya muhtasari liende mapema. Ajenti ametoweka au hati ni feki: DCI kwanza, kisha kesi ya madai mara tu jina kamili na mali vikijulikana. Kampuni ya kuuza ploti imewala wengi na inaendelea kupokea wapya: unganeni, ripotini pamoja, na muulize wakili kuhusu Sheria ya Ufilisi ya 2015. Deni la kuanzia shilingi 100,000 lisilobishaniwa, likidaiwa kwa notisi rasmi na kutolipwa kwa siku 21, hufungua mlango wa kuomba kampuni ivunjwe. Ila huko mtapanga foleni na wadai wengine, na benki zenye dhamana ziko mbele yenu.

Waliolipa wakiwa Doha, Muscat au Minneapolis, wakimtegemea binamu kwenda kuona nyumba, wana tatizo la ziada: pesa mara nyingi zilipitia kwa jina la binamu. Basi binamu ndiye mwenye risiti, na ushahidi wake unahitajika kesi ikianza. Mwandikieni idhini ya kuwakilisha iliyosainiwa mbele ya mthibitishaji (notary) huko mliko. Mahakama ya Madai Madogo inakubali mwakilishi ikiridhika kwamba anaijua kesi na ana mamlaka ya kukubali makubaliano kwa niaba yenu, na mahakama za Kenya husikiliza kesi nyingi kwa video, kwa hiyo mlalamishi mwenyewe anaweza kujieleza bila kukata tiketi. Muda wa kushtaki kwa mkataba ni miaka 6. Ulaghai ukifichwa, hesabu huanza siku ulipougundua au ulipopaswa kuugundua, na siku hiyo iandike mahali na tarehe yake, pamoja na jinsi ulivyojua.